Mgeni Nyumbani kwa Mkewe

Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi unaojulikana kama Periplus. Anapofika kwenye habari za Rhapta, bandari inayodhaniwa ilikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo, anaeleza kwamba wafanyabiashara wa Muza huko Yemen walipeleka manahodha na mawakala wa Kiarabu waliozoeana na wenyeji, wakioana nao, wakiijua nchi na lugha yake. Anayasema hayo katikati ya habari za mikuki, mashoka na pembe za ndovu, bila kushangaa, kama mtu anayetaja kina cha maji bandarini. Tangu hapo ndoa ya mgeni na mwenyeji imekuwa sehemu ya historia ya pwani yetu, na tumezoea kuisimulia kwa namna moja: kwamba Waswahili ni watu wakarimu, na mapenzi hayajui kabila. Masimulizi hayo ni matamu, na ukarimu ule ulikuwepo. Ila hayatuelezi kwa nini ndoa nyingine za mchanganyiko zilizaa koo na miji iliyodumu karne nyingi, na nyingine zikazaa majonzi. Naamini jibu liko kwenye jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: nyumba ilikuwa ya nani.

Tuanze na upepo. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi, na kusi ikawarudisha kuanzia Aprili. Mgeni alikuwa na miezi michache ya kuuza nguo na vyombo vyake, kukusanya pembe, ambari na boriti za mikoko, kisha aondoke. Alihitaji mtu wa kumwekea mali, wa kumdhamini kwa watu wa bara, na wa kumkusanyia bidhaa wakati yeye yuko ng'ambo. Mkataba wa karatasi ungemsaidia kidogo tu. Ukwe ulimsaidia zaidi, maana mkwe hadhulumiwi kirahisi, na yeye hakimbii na mali ya watu kirahisi. Wazazi wa binti nao walipata mshirika aliyejua bei za ng'ambo. Hivyo ndoa na biashara zilishikana tangu mwanzo, na sioni haja ya kulionea haya jambo hilo, kwa sababu halizuii watu wawili kupendana.

Lakini mgeni huyo akishaoa aliishi wapi? Katika miji ya mawe kama Lamu na Pate, familia zenye uwezo zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Baba aliweza kumjengea, kumgawia sehemu ya nyumba yake mwenyewe, au kuongeza ghorofa juu ya ile ya mama yake. Ndiyo sababu nyumba za Lamu zimebanana kiukoo, nyingine zikiunganishwa kwa wikio lililopita juu ya kichochoro. Mume ndiye aliyehama. Fungate aliikalia kwa mkewe, na baada ya fungate alibaki papo hapo. Ikitokea talaka, yeye ndiye aliyetoka. Watoto walilelewa na bibi mzaa mama, wakizungukwa na mama wadogo na wajomba, na kungwi aliyemfunda binti alikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Familia maskini hazikuwa na nyumba za mawe za kugawa, lakini ndoa zilizowaingiza wageni katika tabaka la watawala wa miji zilikuwa hasa za hawa wenye nyumba.

Ushahidi umetufikia kwa njia mbili zisizofahamiana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika makaburi ya kale, yakiwemo ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika kwa upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, na uchanganyikaji huo ulianza yapata mwaka 1000. Masimulizi ya zamani yalikuwa yamekwisha kusema jambo linalofanana. Habari za Pate zinamtaja Seleman wa ukoo wa Nabahani, mtawala aliyefukuzwa Uarabuni, akimwoa binti wa mfalme wa Pate na kuupata ufalme kutoka kwa baba mkwe. Wanahistoria wanatilia shaka tarehe ya kisa hicho, na nadhani wana haki. Hata hivyo, ukoo uliotaka kujitukuza ungeweza kudai kwamba ulikuja na upanga ukateka mji. Badala yake waliokihifadhi kisa wanasema mgeni alitawala kwa sababu ya mkewe. Huo ndio uhalali uliokubalika Pate.

Hapa msomaji makini atapinga. Baba kutoka ng'ambo na mama mwenyeji, kizazi baada ya kizazi, ndiyo sura ileile inayoonekana katika vinasaba vya Mexico, na huko hatusemi habari za ukarimu, tunasema habari za ushindi wa Wahispania. Pingamizi hilo ni zito, na vinasaba peke yake haviwezi kulijibu. Lugha inaweza. Watoto wa Mexico walikua wakisema lugha ya baba, kwa sababu amri, shule na mali vilikuwa mikononi mwa baba. Watoto wa Pate na Mombasa walikua wakisema lugha ya mama. Wamazrui waliotoka Oman na kuitawala Mombasa hadi 1837 waligeuka Waswahili kwa lugha na desturi. Walichangia maneno mengi ya Kiarabu, lakini sarufi ilibaki ya Kibantu. Mshindi halelei wanawe katika lugha ya walioshindwa. Mkwe anayeishi kwa mama mkwe hana njia nyingine.

Pingamizi la pili linanipa shida zaidi, nami silikwepi. Si kila mwanamke aliyezaa na mgeni alikuwa mke. Wengi walikuwa masuria, wanawake waliofanywa watumwa, waliotolewa kwao bila kuulizwa. Sheria ilimpa mtoto wa suria uhuru na urithi, na mama aliyezaa aliachwa huru bwana akifariki, na wapo wanaotumia hilo kuonyesha kwamba usuria ulikuwa aina ya ndoa. Siwezi kukubali. Suria hakuwa na mjomba wa kumtetea wala mlango wa kumfungia mume. Hata Zanzibar ilipoifuta hadhi ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, kana kwamba kitanda cha bwana kilikuwa kimekwisha kuwafanya huru. Usuria ulistawi mno katika karne ya 19, enzi za mashamba ya karafuu, na hauondoi hoja yangu. Unaonyesha mchanganyiko huohuo wa damu ulivyokuwa pale mwanamke asipokuwa na nyumba wala ndugu.

Wengine watakumbusha kwamba hata mke mwenye nyumba hakuwa sawa na mumewe. Ni kweli. Kanuni ya ulinganifu wa ukoo ilimruhusu Mwarabu kuoa Mswahili huku ikimzuia Mswahili kuoa binti wa sharifu, kwa hiyo mlango ulifunguka upande mmoja tu. Na Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomtungia bintiye katikati ya karne ya 19, alimfunza utii kwa mume. Lakini utii unaofundishwa na mama, kwa lugha ya mama, katika mji wa mama, ni utii wenye mashahidi. Mume anayevuka mpaka anajua nani anamwangalia. Sidai zaidi ya hapo.

Jaribio la hoja hii liko katika maisha ya Sayyida Salme. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said na suria wa Kisirkasia. Nyumba yake mjini ilikuwa jirani na ya Heinrich Ruete, Mjerumani aliyefanya biashara Zanzibar. Wakapendana, akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroshwa kwa manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, mwaka 1867, kisha akaelekea Hamburg. Hakuna sababu ya kutilia shaka mapenzi yao. Ila safari hii mwanamke ndiye aliyehama, akaacha nyumba, dini, lugha na jamaa kwa mkupuo mmoja. Agosti 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo, na hapo ikaonekana kwamba mtu mmoja alikuwa ndiye nyumba yake yote. Sheria za huko hazikumwachia mjane mamlaka kamili juu ya mali na watoto wake. Zanzibar nako, ndugu yake Sultani Barghash alikataa kumtambua au kumpa urithi, hata aliporudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani waliotaka kumtumia kwa maslahi yao. Alifundisha lugha, akaandika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, akafariki Jena mwaka 1924. Wengi huisoma habari yake kama adhabu ya kuvuka mpaka wa dini. Mimi naiona kama habari ya mwanamke aliyevuka bila mtu wa upande wake kuvuka naye.

Zanzibar iliona mgeuko mwingine wa desturi ile mwaka 1970, pale mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi walipolazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, na jamaa zao waliopinga wakakamatwa. Watetezi wa hatua hiyo walisema kwamba zamani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria, na sasa ubaguzi uvunjwe kwa ndoa. Dhuluma waliyoitaja ilikuwa ya kweli, na wajukuu wa masuria walikuwa na haki ya kuikumbuka. Lakini dola ilichagua kuiiga. Iliwatoa mabinti katika nyumba za wazazi wao, ikawanyamazisha ndugu ambao wangesimama mlangoni, kisha ikaita jambo hilo kuvunja ubaguzi. Wazee wa Pate waliompa Mnabahani binti yao walijua kwamba ndoa ya namna hiyo hufungwa mbele ya jamaa wa mke, na mume ndiye anayeingia.