Mfano wa Ndege ya Vita

MFANO WA NDEGE YA VITA ni umbo dogo la ndege iliyopata kuruka vitani, lililoundwa kwa mbao, karatasi, bati au plastiki, kwa kipimo kimoja kisichobadilika tangu pua hata mkia, ili kila kiungo kiwe na uwiano ule ule ulio katika ndege yenyewe. Kwa kipimo hicho mfano hupambanuka na vindege ambavyo watoto wa pwani huviunda kwa makopo na mabua, vyenye uzuri wao wenyewe, lakini visivyokusudiwa kuwa ushahidi wa jambo lolote.

Vipimo vilivyozoeleka zaidi ni viwili: 1/72, ambacho hufanya futi 6 za ndege kuwa inchi 1 ya mfano, na 1/48, ambacho hufanya futi 1 kuwa robo inchi. Cha kwanza kilipata nguvu katika Vita Kuu ya Pili, kwani mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule waunde mifano 500,000 ya kipimo hicho, ili mabaharia na wapiga mizinga wajizoeze kumtambua adui na rafiki kwa kivuli chake angani. Baada ya vita plastiki ilitwaa nafasi ya mbao; na tangu kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipotoa Spitfire yake ya kuunganisha, mwaka 1953, sanaa hii imeenea duniani, ingawa kwa kuenea huko imewafanya waundaji wengi warudie ndege zile zile chache zenye sifa.

Mwundaji wa Bagamoyo, au wa Saadani na Pangani, hana haja ya kwenda mbali hivyo. Pwani hii ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza barani Afrika kuona ndege zikitumika vitani, na kisa chenyewe kinafungamana na manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, mahali ambapo jicho la baharini halikuweza kuifikia. Waingereza walileta kwanza ndege za majini, lakini joto na unyevu viliziadhibu vibaya: gundi iliachia viungo, na injini zikashindwa kuzinyanyua hadi kimo cha salama. Ndipo mwezi Juni 1915 zikashushwa katika kisiwa cha Mafia ndege za nchi kavu, Caudron G.3 mbili na Henri Farman mbili. Tarehe 6 na 11 Julai marubani waliruka juu ya delta, wakaelekeza kwa simu ya upepo mizinga ya meli Severn na Mersey, ambazo zilikuwa zikipiga shabaha zisiyoiona. Siku ya pili ndege ya John Cull na mwenzake Harwood Arnold ilipigwa. Nao, wakishuka kuelekea mtoni, hawakuacha kupeleka masahihisho ya mizinga hata walipoanguka majini na kuokolewa. Königsberg iliangamia siku ile, lakini mizinga yake 10 ilitolewa ikapelekwa kupigana nchi kavu, na mmojawapo ulitekwa Bagamoyo penyewe, wanamaji wa Kiingereza walipouteka mji huu kutoka baharini tarehe 15 Agosti 1916.

Basi ndege istahiliyo kuundwa hapa kabla ya nyingine ni Caudron G.3. Haikuwa ndege ya kushambulia, bali ya kupeleleza, na juu ya pwani hii hakukuwa na ndege ya adui ya kupambana nayo. Lakini kwa fundi wa mikono ni mtihani mkubwa kuliko Spitfire, maadamu karibu kila kitu chake kiko nje, wazi machoni. Upana wa mabawa yake ni mita 13.40 na urefu mita 6.40, yaani sentimita 27.9 na 13.3 kwa kipimo cha 1/48. Haina kiwiliwili nyuma ya marubani: wana kisanduku kifupi tu chenye injini mbele, na kutoka mabawani huenda hadi mkiani miti minne myembamba, ambayo miwili ya chini huburura ardhini ndege inapotua.

Miti hiyo huchongwa vizuri kwa mwanzi uliopasuliwa, au kwa chelewa za mnazi zilizonyooka na kukauka kivulini. Kisanduku hutokana na msufi, ambao ubao wake ni mwepesi na haukatai kisu, kisha hupigwa msasa mpaka kingo zipungue unene. Mabawa hufunikwa kwa karatasi ya shashi, ile ile ya kuundia tiara, iliyobandikwa kwa gundi nyepesi na kunyunyiziwa maji, nayo inapokauka hujivuta ikakaza. Hapa ndipo wengi huharibu: shashi ikikaza bila bawa kubanwa juu ya ubao ulionyooka, bawa hupindana lisirudi tena. Kazi hii ifanywe wakati wa kaskazi, kwa kuwa katika masika karatasi hulegea kila jioni, na fundi hushawishika kuikaza kupita kiasi.

Nyaya ndizo roho ya mfano huu. Caudron haikuwa na vibawa vya kuinamishia. Rubani aliipindisha kwa kuzivuta ncha za mabawa yenyewe, na ukingo wa nyuma uliachwa mwembamba ili ukubali kunyumbuka. Kila waya basi una kazi, na waya uliotiwa mahali pasipo pake ni uongo juu ya namna ndege ilivyoruka. Waya wa milimita 4 huwa, kwa kipimo cha 1/48, mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Mshipi wa kuvulia ni mnene mno, na kifaacho ni uzi mmoja wa nailoni uliochambuliwa kutoka kitambaa chepesi. Mafundi wa vyombo walioko ufukweni Bagamoyo, wajuao kwa kutazama tu kamba ipi imebeba uzito na ipi imelala, ni walimu bora wa jambo hili kuliko kitabu chochote.

Kuhusu rangi, jambo la busara ni uchache. Kitambaa kisichotiwa rangi kilikuwa na manjano hafifu ya kitani, na vanishi nyembamba yenye tone la rangi ya udongo huitoa sawasawa. Uchafu utiwe palipo na sababu: mafuta nyuma ya injini, mchanga kwenye miti ya chini, madoa pale maji ya chumvi yalipokaukia. Alama na nambari zisichorwe ila zile zilizothibitika katika picha ya ndege iliyokusudiwa, kwa tarehe iliyokusudiwa.

Mfano uliokamilika huwekwa ndani ya sanduku la kioo lililozibwa, mbali na dirisha lielekealo bahari, kwa sababu hewa ya chumvi hulegeza gundi na mende hula wanga wa shashi. Chini yake huandikwa jina la ndege, kipimo, na siku ambayo mfano unaiwakilisha.