Kahawa ya Chepkube: Riwaya ya Mpakani na Amri za Kampala

Mwaka 1985, Cormac McCarthy alipochapisha Marekani Blood Meridian, riwaya inayohusu genge la wauaji waliorandaranda katika mpaka wa nchi hiyo na Mexico karibu na mwaka 1850, Wamugunda Geteria wa Kenya alitoa Black Gold of Chepkube, inayohusu magendo ya kahawa ya Uganda, yaani biashara ya kuvusha bidhaa kwa siri kinyume cha amri ya serikali. Katika riwaya za Magharibi, kama yanavyoitwa masimulizi ya wapanda farasi wa nyika za Marekani, damu humwagika kwa sababu sheria haijafika. Chepkube, soko lililokuwa upande wa Kenya wa Mlima Elgon, lilistawi kwa sababu sheria ya Kampala ilikuwa imebana kupita kiasi.

Mpaka wenyewe haukuwa wa kale. Hadi mwaka 1902 himaya ya Uganda ilienea mpaka jirani ya Naivasha, na Waingereza walipoikata sehemu yake ya mashariki, Wagisu wakatenganishwa na ndugu zao Wabukusu, na Wasabiny na Wasabaoti, hivi kwamba wengi wa waliovusha magunia miaka ya 1970 walikuwa wakielekea kwa jamaa zao.

Baridi kali ilipoangamiza mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda hata ikapita dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Mkulima wa Uganda hakuionja neema hiyo, kwa kuwa Bodi ya Uuzaji wa Kahawa mjini Kampala, iliyokuwa na haki ya pekee ya kuuza nje, ilimlipa sehemu ndogo tu, tena kwa shilingi zisizonunua sabuni wala sukari, maana maduka yaliyonyang'anywa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 yalikuwa yamegawiwa wanajeshi na wapambe, matajiri wapya walioitwa mafuta mingi, na rafu zake zilikuwa tupu. Basi kahawa ilibebwa vichwani na migongoni mwa punda, ikateremshwa Chepkube usiku, na aliyeipeleka akarudi na fedha za Kenya, chumvi na sabuni. Walifanya hivyo ingawa amri ya Amin ya mwaka 1975 ilikuwa imeunda mahakama ya makosa ya uchumi, ambayo ingeweza kumhukumu mlanguzi kifo.

Kwa hiyo msomaji wa Kampala anayeifungua riwaya ya Geteria asiwatafute wahalifu mlimani peke yake. Waliomgeuza mkulima kuwa mvusha magendo ni waliopanga bei ya kahawa yake mjini, na ukiritimba wa Bodi hiyo haukuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.