Simu ya intaneti ilivyofika Bungoma

Wiki jana nilikuwa Bungoma mjini, nikimwekea mfanyabiashara mmoja wa nafaka laini ya simu inayopita kwenye intaneti. Kazi haikufika saa mbili. Unajisajili kwa kampuni yenye leseni, unapewa nambari na nywila, unaziingiza kwenye programu ya rununu au kwenye simu ya mezani inayochomekwa kwenye ruta, basi. Nikikunja waya zangu nikakumbuka kwamba kazi hii hii, katika mji huu huu, zamani ingenitia matatani na sheria.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 lile shirika la KPTC liligawanywa: barua zikaenda Posta, simu zikaenda Telkom Kenya, na CCK (ambayo tangu 2014 huitwa CA) ikaundwa iwe mwamuzi. Telkom ikapewa ukiritimba hadi Juni 2004. Sauti iendayo ng'ambo ilikuwa haki yao peke yao. Intaneti nayo ilitoka nchini kupitia Jambonet, mtandao wao. Kwa hiyo kupiga simu kwa intaneti kulihesabiwa kuwa kuwakwepa. Jinsi mambo yalivyokuwa makali utaona kwa kisa cha KIXP: mwisho wa 2000 watoa huduma waliunganisha mitandao yao Nairobi, ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isizunguke kwanza ughaibuni. Telkom ikalalamika, CCK ikakifunga kituo baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena 2002.

Teknolojia yenyewe ilikuwa tayari. VocalTec walikuwa wakiuza programu ya kupigia simu tangu 1995. SIP, itifaki ile ile niliyotumia wiki jana, ilichapishwa 1999. Skype ilitoka Agosti 2003 (nayo ilizimwa Mei 2025, pole zake).

Mwaka huo wa 2003 nilimpeleka senge yangu kwenye saiba moja hapa mjini aongee na mwanawe aliyekuwa Boston. Mwenye saiba alituketisha kwenye kompyuta ya pembeni, akavuta pazia, akasema tusipaze sauti. Hebu fikiria: mama wa watu anamnong'oneza mwanawe kama mwizi! Lakini simu ya kawaida ya ng'ambo ilikuwa ghali mno, na senge alikuwa na habari ya msiba isiyotoshea kwenye dakika mbili.

Sauti ilikatika katika. Sababu ni hesabu tu. Sauti ya simu ya kawaida huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na modemu nzuri kabisa ya laini ya simu ilikuwa ya 56. Ilibidi sauti ibanwe mpaka kilobiti chache, halafu ipande kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena. Safari hiyo peke yake hula karibu robo sekunde kwenda, na robo nyingine jibu likirudi. Wote wawili wakawa wanaanza kusema pamoja, wananyamaza pamoja. Mwishowe senge akabuni itifaki yake: akimaliza anasema, "Haya, sema wewe." Ikafanya kazi.

Ukiritimba ulipokwisha 2004, CCK ikafungua mlango kwa simu za intaneti. Pazia za saiba zikawa hazina maana, ila ile robo sekunde ilibaki. Iliondoka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Mimi nasema wazi: kwa watu wa huku, ile miaka mitano ya kunong'ona haikuwa ya lazima. Setilaiti ilikuwa kikwazo cha kweli; sheria tuliitunga wenyewe.

Yule mfanyabiashara aliniuliza swali moja tu: stima ikipotea je? Ni swali zuri, maana zile simu za zamani za waya zilipata umeme wao kutoka kituo cha simu, hii ya leo hufa pamoja na ruta. Nikamwambia anunue betri ndogo ya ruta. Kabla sijaondoka akampigia mteja wake Kitale kuulizia magunia ya mahindi, akipaza sauti hadi barabarani.