Neno Moja kwa Mambo Mawili: Asili ya Valensi

Mwalimu afunguapo kitabu cha kemia kilichochapishwa Ulaya yapata mwaka 1866, huenda akakuta imeandikwa ya kuwa atomisiti ya kaboni ni nne. Kwa matumizi ya leo atadhani kwamba molekuli ya kaboni ina atomu nne, nayo siyo maana yake hata kidogo. Mwandishi alitaka kusema ya kuwa atomu moja ya kaboni yaweza kushikana na atomu nne za haidrojeni.

Mwaka 1852 Mwingereza Edward Frankland alitambua ya kuwa naitrojeni, fosforasi na aseniki hushikana na vitu vingine kwa hesabu ya tatu au ya tano, wala si ovyo. Uwezo huo haukuwa na jina lililotulia. Mwaka 1857 Mjerumani August Kekulé aliiita kaboni vieratomig, yaani "ya atomu nne". Siku zile hata atomu na molekuli zilikuwa zikichanganywa. Ndiyo sababu ya mkutano wa Karlsruhe mwaka 1860, ambako Mwitaliano Stanislao Cannizzaro alitetea mafundisho ya Amedeo Avogadro ya mwaka 1811. Mafundisho hayo yalipokubaliwa, ikawezekana kuhesabu atomu zilizomo katika molekuli, na hesabu hiyo nayo ikapewa jina lile lile la atomisiti.

August Wilhelm Hofmann, katika kitabu chake cha mwaka 1865, alileta neno kwantivalensi kwa ule uwezo wa kushikana. Mwaka 1868 Hermann Wichelhaus akalifupisha likawa valensi, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya nguvu.

Ipotoshayo wanafunzi ni oksijeni, kwa kuwa molekuli yake ina atomu 2 na valensi yake ni 2. Mimi mwenyewe nilifundisha kwa mfano huo peke yake, nikaona majibu yote ni sawa, hata siku nilipouliza habari za zebaki. Molekuli ya mvuke wa zebaki ni atomu 1 tu, walakini valensi yake ya kawaida ni 2. Fosforasi nyeupe ina atomu 4 katika molekuli, na valensi 3 au 5.

Kwa Kiswahili, naona valensi libaki kwa uwezo wa kushikana, na jambo la pili tuliite waziwazi "idadi ya atomu katika molekuli". Ni refu, lakini halimdanganyi mtoto.