Adui wa Spidi ni Upepo, Si Injini Ndogo

Wasee, mtu akitaka gari yake ikimbie, kitu ya kwanza anafikiria ni injini. Turbo, eksozi kubwa, kelele mtaa mzima. Mimi nasema tunasahau upepo, na historia iko upande wangu.

Chukua Jaguar XK120. Ilizinduliwa London mwaka wa 1948, injini ya lita 3.4, nguvu za farasi 160. Hiyo 120 kwa jina ilikuwa ahadi: maili 120 kwa saa, yaani kilomita 193. Wengi waliona ni stori tu. Basi Mei 1949 wakaipeleka Jabbeke, Ubelgiji, kwa barabara kuu iliyonyooka na kufungwa. Dereva Ron Sutton akaikimbiza ikiwa na turubai na kioo chake cha mbele: kilomita 203 kwa saa. Wakatoa turubai na kioo, wakaweka kioo kidogo cha kumkinga dereva tu. Ikafika 213. Injini ni ile ile! Hizo kilomita 10 zilitoka kwa hewa peke yake.

Mwaka wa 1953 Norman Dewis akarudi barabara hiyo hiyo na XK120 nyingine. Injini ilikuwa imeboreshwa, upande wa abiria umefunikwa, na juu ya kichwa chake kulikuwa na kifuniko cha duara cha plastiki angavu, kama cha ndege. Spidi? Kilomita 277.

Sasa piga hesabu. Spidi ikiongezeka mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara nne, na nguvu unayohitaji inakuwa mara nane. Kutoka 213 hadi 277 bila kubadilisha umbo, ungehitaji nguvu zaidi ya mara mbili, kama farasi 350 hivi. Ndiyo maana hawakuchezea injini tu. Walilainisha gari pia.

Kwa hivyo lile bawa kubwa unataka kufunga nyuma ya gari ya mzazi? Kazi yake ni kukandamiza gari chini kwa kona. Kwa barabara iliyonyooka linakupunguzia spidi, na pesa umemaliza.

Na kumbuka, Dewis alifungiwa barabara. Thika Road kuna matatu, boda na watoto wanavuka. Ukitaka kujua gari yako inafika wapi, tafuta uwanja wa mbio.