Kompyuta ya Dola 9 na Deni Lake

Mei 2015, kampuni ndogo ya Oakland, California, iitwayo Next Thing Co. iliingia Kickstarter kuomba dola 50,000. Ilikuwa inauza bodi moja ndogo kuliko kadi ya ATM, jina lake C.H.I.P., kwa dola 9. Kwa hesabu ya Kenya ya wakati ule, hiyo ni chini ya shilingi 900. Na haikuwa mchezo wa watoto. Ilikuja na prosesa ya gigahazi 1, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, wai-fai na Bluetooth. Raspberry Pi 2, iliyotoka Februari mwaka huohuo kwa dola 35, haikuwa na wai-fai, na hifadhi ulijinunulia mwenyewe, memori kadi. Watu zaidi ya 39,000 walitoa pesa, mchango ukapita dola milioni 2.

Kufikia 2018 kampuni ilikuwa imefungwa, mali yake ikauzwa ili wadai wapate chochote.

Wengi wakisimulia hadithi hii husema tu kwamba dola 9 hazitoshi kutengeneza kompyuta. Sikatai. Lakini bei ni nusu ya hadithi. Anayeuza viatu akishakupa kiatu, mmemalizana. Anayeuza kompyuta ya bodi moja analipwa mara moja, halafu anabaki na deni la programu kwa miaka mingi: draiva za wai-fai, masasisho ya usalama, na kuhakikisha toleo jipya la Linux halitaigeuza bodi yako kuwa kipande cha plastiki. Hilo deni halikuandikwa kwenye bei.

Hebu tuanze na kwa nini deni lenyewe ni kubwa. Laptop ya kawaida ukiiwekea Linux kwa flashi, mashine yenyewe inaueleza mfumo ina vifaa gani ndani. Chipu za ARM, ambazo ndizo ziko kwenye simu na bodi hizi ndogo, nyingi hazisemi kitu. Ni lazima mtu akae chini aandike: waya huu unaenda pale, saa ya chipu inadundika hivi, wai-fai imeunganishwa huku. Zamani kila kampuni iliandika hayo kivyake ndani ya kerneli, na fujo ikawa kubwa hadi Machi 2011 Linus Torvalds, mwenye Linux, akawaka hadharani kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa mama akasoma. Baada ya hapo watu wa ARM wakahamia kwenye mafaili ya maelezo yanayoitwa device tree, ramani ya bodi iliyoandikwa kando na kerneli. Kila bodi na ramani yake.

Lakini ramani peke yake haitoshi. Mtu lazima aandike draiva, na mwenye kujua chipu ni aliyeitengeneza. Hapa ndipo shida ya kampuni ndogo inapoanzia, kwa sababu yeye si mtengenezaji wa chipu. Anainunua. Allwinner, kampuni ya Zhuhai, China, iliuza chipu za bei rahisi sana kwa watengenezaji wa tableti. Biashara ya tableti ni ya msimu: unachukua Linux moja, unaibandika viraka hadi Android iwake, unauza, unahamia chipu inayofuata. Chipu zake kadhaa zilibaki na Linux 3.4, toleo la 2012, miaka baada ya dunia kusonga mbele.

Kisha wauzaji wa bodi ndogo wakazipenda chipu hizohizo kwa sababu ya bei. Orange Pi, Banana Pi na wengine. Wakarithi ile kerneli pamoja na uchafu wake wote. Mei 2016 iligundulika kwamba kerneli ya Allwinner ya chipu kama H3 ilikuwa na mlango wa nyuma: programu yoyote ikiandika neno "rootmydevice" kwenye faili fulani, inapewa mamlaka yote ya mashine. Mtu alikuwa ameuweka wa kurahisisha kazi yake ya majaribio, kisha ukasafirishwa hivyohivyo hadi kwa wateja. Mteja wa Orange Pi hamjui Allwinner. Anamjua aliyemuuzia, na huyo aliyemuuzia hakuandika hiyo kerneli, hakuajiri mtu wa kuisoma, na kwa faida ya dola mbili tatu kwa kila bodi hangeweza kumwajiri. Waliobeba mzigo huo ni watu wa kujitolea: wale wa linux-sunxi, waliokuwa wanazifungua chipu za Allwinner moja baada ya nyingine, na wale wa Armbian waliokuwa wanatengeneza mifumo safi ya bodi za watu wengine.

(Ukipita Luthuli Avenue ukanunua kile kisanduku cha Android cha kuchomeka kwa TV, ndani kuna chipu za ukoo huohuo. Android iliyokuja nayo mara nyingi ndiyo itakayozikwa nayo.)

Mtu ataniambia, mbona Raspberry Pi iliweza? Iliweza, lakini tusisahau ilivyoanza. Ilipotoka tarehe 29 Februari 2012, prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha zamani kuliko ile ambayo toleo la haraka la Debian lilihitaji. Walioziba pengo hilo ni Mike Thompson na Peter Green, wawili tu wa kujitolea, waliojenga upya maelfu ya vifurushi vya programu hadi Raspbian ikapatikana miezi michache baadaye. Sehemu ya picha ya chipu nayo ilikuwa imefungwa kufuli. Ni 2014 ndipo Broadcom ilipoachilia maelezo yake na kumwajiri Eric Anholt kuandika draiva huria. Eben Upton, mwanzilishi, alikuwa mfanyakazi wa Broadcom mwenyewe. Ukiwa na mlango kama huo, na bodi zinazouzwa kwa mamilioni, unaweza kulipa wahandisi wakae miaka kumi juu ya chipu moja. Aliyeuza bodi elfu kumi hana huo mlango wala hizo pesa. Na pesa zake zikiisha, dawa pekee anayoijua ni kutoa modeli mpya, kwa sababu modeli ya zamani haimletei senti. Modeli mpya ni deni jingine juu ya lile la kwanza.

Sasa rudi Oakland. Kinachonivuta kwa Next Thing Co. ni kwamba hawakuwa wazembe. Walijua mchezo wa kerneli za viraka na wakaukataa. Wakalipa Free Electrons, kampuni ya Ufaransa ambayo siku hizi inaitwa Bootlin, iingize kazi ya C.H.I.P. kwenye Linux kuu yenyewe, ile inayotunzwa na wote. Hiyo ndiyo njia sahihi. Pia ni njia ya polepole, kwa sababu huko msimbo wako unasomwa na watu wasiojali tarehe uliyowaahidi wateja.

Kisiki kikubwa kilikuwa ile hifadhi. Ili kushusha bei, C.H.I.P. ilitumia memori ya NAND ya aina ya MLC, ambayo kila seli ndani yake inabeba biti mbili. Ni rahisi kununua ila ni kigeugeu. Data huandikwa kwa kurasa zilizooana: ukiwa unaandika ukurasa wa pili, umeme ukipotea, unaweza kuharibu hata ule wa kwanza uliouandika zamani ukajua uko salama. Fikiria kifaa kinachozimwa kwa kuchomoa waya. Wahandisi wa Free Electrons walihangaika na jambo hili muda mrefu, na njia waliyopata ilikuwa kuitumia memori kwa nusu ya ujazo wake, biti moja kwa seli. Kazi hiyo ikaishi kwenye kerneli ya kampuni huku ikisubiri kukubaliwa nje. Wai-fai nayo ilikuwa chipu ya Realtek ambayo draiva yake iliingia Linux kuu 2017 tu, tena kwenye chumba cha wagonjwa, kule ambako msimbo wenye kasoro huwekwa hadi upone.

Wakati huo ushindani haukulala. Novemba 2015 Raspberry Pi ilitoa Zero kwa dola 5, na ikaibandika bure kwenye jalada la jarida lake, The MagPi. Next Thing wakajibu kwa vitu vipya: PocketCHIP, kidude cha mkononi chenye kibodi na skrini, kisha C.H.I.P. Pro kwa wanaotengeneza bidhaa. PocketCHIP ilikuwa tamu, kusema ukweli. Ndani yake ulipata PICO-8, ukatengeneza gemu ukiwa kwa matatu. Lakini kila kimoja kiliongeza watu wa kuhudumiwa, na wahandisi ni walewale.

Kampuni ilipokufa, seva zake zilizimika. Ghala za programu zikapotea, na ule ukurasa wa kuflashi bodi kupitia brauza ukafa pia. Yaani mtu mwenye C.H.I.P. nzima kabisa, isiyo na mkwaruzo, hakuwa na pa kupata mfumo wake. Kilichookoa ni wateja waliokuwa wamenakili mafaili mapema na kuyaweka wazi kwa wengine. Mwaka huohuo wa 2018, Linux kuu ikaamua kwamba mfumo wake wa UBI hautakubali tena memori za MLC, kwa sababu zilikuwa zinapoteza data za watu. Njia ya nusu ujazo iliingia hatimaye kwenye Linux 5.8, mwaka 2020, miaka miwili baada ya aliyeihitaji kufunga duka.

Ramani ya bodi yenyewe bado imo ndani ya Linux, faili liitwalo sun5i-r8-chip.dts. Ukikutana na C.H.I.P. kwenye droo ya mtu, unganisha pini ya FEL na ya GND kwa kipande cha waya, ichomeke kwa laptop kwa USB, kisha tafuta yale mafaili yaliyonakiliwa. Hakikisha tu waya wa USB ni mzuri. Nyingi zinazouzwa mtaani ni za kuchaji pekee.