Kunasa Sauti

Kwa asili kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo, navyo havichagui windo. Ndiyo sababu naliona neno hili kuwa stahiki kuliko kurekodi kwa mtu ajengaye studio ya muziki uani kwake huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Kiswahili cha Kongo husikika sokoni na kanisani. Kuta nene za matofali ya udongo humsitiri na kelele za jirani, kwani uzito ndio uzuiao sauti; lakini bati la juu, mvua za Machi zinyeshapo, hutoa kishindo ambacho kinasa sauti hukinasa sawasawa na wimbo. Aghalabu watu hubandika trei za mayai ukutani, nazo, kwa hakika, hazizuii kelele kupenya; hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba. Heri nauli ya kwenda mjini Mbarara ilete magodoro ya sponji na mablanketi mazito, yaangikwe nyuma ya mwimbaji na ubavuni, kwa maana maikrofoni ya thamani katika chumba kitupu hunasa mwangwi kwa ufasaha zaidi.